Ya Mkononi

Bibi yangu ana kanuni mbili za kumlisha nguchiro panzi. Ya kwanza: panzi asitoke kwenye shamba la pamba. Ya pili: miguu ya nyuma ing'olewe kwanza, kwa sababu ina miba kama msumeno na inaweza kumkwama kooni. Ipo na ya tatu ambayo hajawahi kuitamka, nimejifunza kwa kumtazama tu. Unampa mmoja. Unangoja. Akimaliza atakutazama, ndipo unampa wa pili. Humwagi panzi chini kama unayewatupia kuku mtama.

Nguchiro mwenyewe tulimwita Karani. Kabla ya kupokea kitu chochote alisimama kwa miguu ya nyuma, akatazama kushoto, akatazama kulia, akanusa, kisha akakukazia macho kana kwamba umetia mawe ndani ya gunia. Aliyewahi kupeleka pamba kwenye kituo cha kununulia anayajua macho hayo.

Kwetu ni Lusu, Wilaya ya Nzega, mkoani Tabora. Wengi waliowahi kuisikia Lusu wameisikia kwa sababu ya dhahabu, maana mgodi wa Golden Pride, ulioanza kuzalisha mwishoni mwa miaka ya 1990, ulikuwa ndio mgodi mkubwa wa kwanza wa kisasa nchini baada ya miaka mingi. Umekwisha kufungwa. Sisi wa upande wa mashamba tunaijua Lusu kwa pamba, mpunga, ng'ombe na vichuguu. Kwenye kichuguu ndiko Karani alikotoka. Desemba ya mwaka juzi vijana walikuwa wakilima kwa maksai pembeni ya shamba letu, jembe likapasua ubavu wa kichuguu cha zamani, kundi zima la nguchiro likatoka mbio na kutokomea vichakani. Ndani kikabaki kitoto kimoja, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Mbwa walikuwa wanakaribia. Bibi akakifunga kwenye pindo la kanga.

Najua sheria inasemaje. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani bila kibali. Nilimweleza Bibi kwa simu nikiwa Morogoro. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mimi sikumkamata. Amekuja na mvua."

Alianza na maziwa ya mbuzi kwa kitambaa. Wiki ya tatu Bibi akamchanganyia kumbikumbi waliopondwa, kisha kumbikumbi wazima, kisha panzi, kisha mabuu meupe manene yanayokaa chini ya mbolea ya zizi. Chakula chake cha kushiba kilikuwa ugali kidogo wenye mchuzi wa dagaa, na siku njema utumbo wa kuku. Wadudu walikuwa kitu kingine. Walikuwa kwa ajili ya kumwita, kumtuliza, kumshukuru alipomfukuza nyoka jikoni, au bila sababu yoyote jioni Bibi akiwa ameketi kwenye kigoda. Aliita hiyo "ya mkononi". Ugali ulikuwa "ya chini". "Leo hajapata ya mkononi," angesema, kwa sauti ile ile aliyosemea kwamba mtoto hajapelekwa kliniki.

Kanuni ya pamba ina sababu yake. Pamba ya kwetu hupuliziwa dawa dhidi ya funza wa vitumba na wadudu wengine, tena zaidi ya mara moja kwa msimu. Panzi aliyepitiwa na bomba si lazima afe palepale. Kesho yake unaweza kumkuta ameshikilia bua, mzito, mlegevu, ukimnyooshea mkono haruki. Mtu asiyejua atafurahi kwamba amepata panzi rahisi. Bibi wa aina hiyo aliwatupa chooni. "Panzi mzima anakimbia," alisema. Nasomea lishe ya mifugo, nimepitia kurasa nyingi kuhusu usalama wa chakula cha wanyama, na sijakutana na kanuni fupi kuliko hiyo.

Nasomea hasa wadudu, nilipaswa kulisema mapema. Utafiti wangu wa shahada ya uzamili unahusu kuwalisha kuku mabuu ya nzi chuma badala ya dagaa, kwa sababu dagaa anayekwenda kwenye chakula cha kuku ni dagaa ambaye angeweza kwenda kwenye sufuria ya mtu. Mabuu yakikaushwa karibu asilimia 40 ya uzito wake ni protini. Nayapima, nayakausha, nayasaga. Mwaka wa kwanza mhadhiri aliuliza darasani nani amewahi kula mdudu, na watu wakatazamana. Kisha mwenzetu wa Bukoba akanyoosha mkono kwa fahari ya senene, na ghafla nusu ya darasa ikawa na la kusema. Ripoti ya FAO ya mwaka 2013 kuhusu wadudu wanaoliwa ilitaja zaidi ya spishi 1,900 duniani. Lakini Umoja wa Ulaya uliidhinisha mdudu wake wa kwanza kuwa chakula kipya cha binadamu mwaka 2021, na huyo ni buu mmoja wa manjano wa mende wa unga. Samaki wa kufugwa walikuwa wameruhusiwa kula unga wa wadudu tangu 2017.

Huko huko Ulaya, na Marekani pia, kuna mnyama wa nyumbani aitwaye fereti, mrefu, mwembamba, wa ukoo mmoja na kicheche na nyegere wetu. Amefugwa kwa zaidi ya miaka 2,000, zamani kwa kuwatoa sungura mashimoni, siku hizi zaidi kwa kupendwa. Wenye fereti huwanunulia nyenje na mabuu kama kionjo, na swali lao kubwa ni kiasi gani hakidhuru. Ni swali la haki. Fereti ni mla nyama tupu, utumbo wake ni mfupi, chakula hupita ndani yake kwa saa tatu au nne tu, na ganda gumu la mdudu halimsaidii sana. Jambo lililonishika zaidi ni jingine. Fereti hujifunza chakula akiwa mdogo. Kile alichozoea katika miezi yake ya mwanzo ndicho anachokiona kuwa chakula, na ukimletea kitu kipya ukubwani anaweza kukinusa akageuka, hata kama ana njaa.

Nguchiro ni mwingine kabisa, hata ukoo si mmoja, ingawa ukiwaweka bega kwa bega utadhani ni ndugu. Kwake mdudu si kionjo, ndiye mlo. Nguchiro wa milia kama Karani huamka na jua, kundi zima, na kushinda wakichimba: mende, mchwa, mabuu, jongoo. (Jongoo kitaalamu si mdudu, lakini mweleze Bibi hilo uone.) Kila aina ina namna yake. Jongoo hutoa majimaji makali, kwa hiyo huviringishwa kwanza mavumbini kwa kucha za mbele mpaka yaishe. Yai, au kitu chochote chenye gamba, hupigwa kwenye jiwe: nguchiro anageuka kinyume, analishika kwa mikono na kulirusha nyuma katikati ya miguu yake. Karani alifanya hivyo akiwa na miezi michache, kwa yai la jirani, juu ya jiwe letu la kusagia. Bibi alilipa kuku mzima kwa ajili ya lile yai na mengine ambayo jirani alidai hayakuonekana.

Kule Mweya, ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth nchini Uganda, watafiti wamewafuatilia nguchiro wa milia kwa miongo mingi. Walichokuta ni kwamba watoto wakianza kutoka shimoni, kila mmoja huwa na mkubwa wake anayemfuata. Si lazima awe mama wala baba. Huyo mkubwa ndiye humlisha, humlinda, na mtoto huendelea kuandamana naye mpaka afikie kama miezi mitatu. Mwaka 2010, Corsin Müller na Michael Cant walichapisha matokeo ya jaribio ambalo nalipenda kwa urahisi wake. Waliweka chakula ndani ya mayai ya plastiki, yale ya kuwekea vijizawadi vya watoto. Wakubwa wengine walizoea kuyavunja kwa kuyarusha, wengine kwa kuyatafuna. Watoto walipokua na kupewa mayai yao, walielekea kutumia njia ya yule waliyekuwa wakimfuata.

Nilisoma hilo maktabani na nikacheka peke yangu, kwa sababu mara moja nilimwona Karani na mkubwa wake: mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwenye kigoda na kanga, anayefungua kila kitu kwa vidole vyake kabla hakijamfikia. Nguchiro wa Mweya walifundishwa kurusha au kutafuna. Wa Lusu alifundishwa kungoja.

Septemba mwaka jana Bibi alianguka akitoka kuchota maji. Nyonga haikuvunjika, ila hakuweza tena kuinama wala kupika peke yake. Mjomba alikuja kutoka Mwanza, kikao kikakaa, ikaamuliwa kwamba Bibi ahamie kwake kabla ya Krismasi. Mjomba anapanga vyumba viwili kwenye nyumba ya wapangaji wengi, huko mlimani kwenye mawe, na watoto wanne.

"Na Karani?" Bibi akauliza.

"Mama, huyo si mbuzi kwamba tutamuuza au tutamla."

Jirani wa lile yai alikuwapo kikaoni. Akasema kwa upole kabisa kwamba kama ni suala la kummaliza, yeye ana kijana na ana rungu, haichukui dakika. Nadhani alikusudia wema. Nilimpigia afisa wanyamapori. Akaniambia tusimsafirishe, tusimpe mtu, na tusimtupe porini mbali, maana nguchiro asiyejua eneo halali njaa siku nyingi, anakufa. Akasisitiza jambo la kichaa cha mbwa: akimng'ata mtu, hospitali siku hiyo hiyo. Akashauri tumwachie taratibu palepale alipozaliwa, tumwache ajizoeze. "Ila mwache kumlisha," alisema. "Mkono ndio unaomfunga."

Nilikuwa na ruhusa ya kazi za nyanjani hadi Januari. Nikasafiri kwenda Lusu na mizani yangu ya maabara.

Tulianza wiki ya pili ya Oktoba, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Mpango wangu ulikuwa wa kitabuni: ya mkononi isimame, nimfichie mabuu chini ya mavi makavu ya ng'ombe, atafute. Siku ya kwanza Karani alikuja, akasimama, akatazama kiganja changu kitupu, akatazama kiganja kingine. Akazunguka nyuma yangu kuona kama kuna cha tatu. Lile rundo la mavi aliruka juu yake mara mbili bila kuligusa. Alikuwa na gramu 1,240. Siku ya tano alikuwa na 1,150, na alikuwa akitoa ule mlio mwembamba wa kuita, mlio ambao nguchiro wanautumia kuambizana walipo, asubuhi mpaka jioni, akizunguka nyumba.

Jioni ya siku ya sita nilimkuta Bibi nyuma ya jiko, mgongo kanipa, Karani kampakata.

"Bibi!"

"Nini? Nilikuwa nampa ya kuagia."

"Jana ulimpa ya nini?"

"Jana ilikuwa ya kumwambia kwamba kesho nitampa ya kuagia." Akafuta mikono. "Mke mwenzangu, huyu hajui unachotaka. Unamficha chakula, basi. Yeye anaona umekuwa mchoyo."

Ilinichukua usiku mzima kuona kwamba alikuwa anarudia, kwa maneno yake, kile kile cha Mweya. Kitoto hajifunzi kwa kunyimwa. Hujifunza kwa kufuata mtu anayechimba. Na Karani tangu azaliwe alikuwa na mtu mmoja wa kufuata.

Kwa hiyo asubuhi iliyofuata tulimtoa Bibi. Daktari alikuwa amemwambia atembee kidogo kila siku na yeye alikuwa amekataa, anasema haendi kutembea bila kazi kama mtalii. Sasa ilikuwapo kazi. Akashika mkongojo, tukaenda mwendo wa kinyonga mpaka zizini, Karani nyuma ya visigino vyake. Bibi akachagua rundo la mavi la juzi, lililokauka juu na kubaki bichi chini, akalipindua kwa ncha ya mkongojo. Chini walikuwapo dundu weusi watatu wakihangaika na mwanga. Hakuinama kuwaokota, hakuweza. Akawagusa kwa mkongojo tu. "Hao," alisema.

Karani akasimama, kushoto, kulia. Kisha akarukia.

Siku ile alikula dundu tisa. Siku ya tatu alianza kulipindua rundo mwenyewe mara tu Bibi alipolielekezea mkongojo. Siku ya nane hakungoja mkongojo. Sitasema kila siku ilikuwa hivyo, kuna siku alilala kwenye mvungu wa ghala na kukataa kutoka, na kuna siku alimkaribia Bibi na kukaa kwenye kandambili zake kwa saa nzima, na Bibi akaweka mikono yake chini ya makalio ili asishawishike. Lakini mizani ilipanda: 1,180, 1,210, 1,260. Mwanzoni mwa Novemba nilimwona na jongoo wa kwanza, mnene kama kidole gumba. Alimnusa, akapiga chafya, akaanza kumviringisha kwenye mavumbi kwa kasi kama mtu anayefikicha nguo yenye doa. Mimi wala Bibi hatukuwahi kumwonyesha hilo. Bibi akanitazama kama anayesema: unaona, si kila kitu kilitoka kwetu.

Mvua ilikuja Novemba ikielekea mwisho. Majira haya nyumbani yana mambo yake. Njia kuu ya misafara, ile ya Bagamoyo hadi Ujiji, ilipita Tabora, na Wanyamwezi ndio waliokuwa wapagazi wake mashuhuri. Wengi walipanga safari zao ili mvua za kulimia ziwakute wamerudi. Burton na Speke waliingia Kazeh, ambayo ndiyo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na Julai iliyofuata Speke akapanda kaskazini kulitafuta ziwa. Shuleni tulipelekwa Kwihara kuiona nyumba aliyokaa Livingstone, tukaambiwa habari za shanga, vitambaa na pembe. Mimi nilikuwa nawaza wale wa kurudi, mtu aliyebeba mzigo miezi mingi anafika kwao mawingu yamejaa, na usiku wa kwanza vichuguu vinafunguka. Na mimi hurudi kila mwaka majira hayo hayo, kwa basi.

Mvua ilinyesha usiku, na alfajiri kumbikumbi wakaanza kutoka kwenye kichuguu cha nyuma ya nyumba. Tulikwisha kuweka beseni la maji na taa tangu usiku kwa ajili ya wale wanaofuata mwanga, tukapata nusu debe. Bibi akawakaanga pale pale, bila mafuta, chumvi kidogo, nikawapepeta kwa ungo mpaka mabawa yote yakaenda na upepo. Harufu yake inafanana na karanga na kitu kingine ambacho sijapata jina lake. Bibi akajaza kiganja. Tukatoka.

Karani alikuwa kwenye kichuguu. Alikuwa ameziba tundu moja kwa kifua chake na anawala kadiri wanavyotoka, tap tap tap, bila kutafuna vizuri, mabawa yamemganda puani. Alitupa mgongo.

Bibi akaita. Ana mlio wake wa kumwita, ulimi kwenye meno. Akanyoosha kiganja chenye kumbikumbi wa moto. Ya mkononi, iliyo bora kuliko zote, aliyoanza nayo maisha.

Karani aligeuza kichwa. Akatutazama, nadhani ni sisi alitutazama. Kisha akarudi kwenye tundu lake.

Bibi aliendelea kunyoosha mkono kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akaanza kuwala mwenyewe, mmoja mmoja, akiwa amesimama, mpaka kiganja kikaisha.

Laiti habari ingeishia hapo. Wiki mbili baadaye kundi la porini lilipita karibu na zizi, nilihesabu kumi na wanne. Karani aliwaona, akatoa ule mlio wa kuita. Wakasimama. Wakajikusanya pamoja, bega kwa bega, wakaanza kusogea wote kwa pamoja, wakinguruma, ukiwatazama kwa mbali unadhani ni mnyama mmoja mkubwa anayetambaa. Karani alikimbilia chini ya ghala na hakutoka mpaka kesho yake. Hilo nalo nilikuwa nimelisoma. Makundi ya nguchiro hupigana, huumizana, huuana. Huwezi kumpeleka mgeni ukasema jamani huyu ni mwenzenu, pengine hata ni ndugu yenu.

Nilimweleza Bibi yote, sikumficha. Nikamweleza na jambo moja zaidi la Mweya: kwamba kuna wakati majike hufukuzwa kwenye kundi, wengi kwa mara moja, na hao waliofukuzwa huweza kukutana na madume ya nje wakaanzisha kundi jipya.

"Basi asubiri waliofukuzwa," Bibi akasema, kana kwamba ni basi la saa nne.

Aliondoka tarehe 19 Desemba. Mjomba alikuja kumchukua. Bibi alipitia zizini na mkongojo wake kwa mara ya mwisho akapindua marundo mawili, moja halikuwa na kitu. Karani hakuwapo. Alikuwa ameanza kurudi jioni tu, kulala. Nilibaki peke yangu na shangazi wa jirani aliyekuja kuangalia nyumba, na katika siku zile nilimwona mara chache zaidi kila wiki. Mara ya mwisho kumpima alikuwa na gramu 1,390. Tarehe 8 Januari hakurudi kulala. Wala tarehe 9.

Nilirudi Morogoro kwa mabuu yangu. Kijana wa jirani, yule wa rungu, ndiye anayeswaga ng'ombe wetu sasa, na nimemwomba awe ananiambia akiona chochote. Mwezi mzima hakuona. Bibi alikuwa akinipigia kila Jumapili kutoka Mwanza. Angenijulia hali, angeuliza masomo, angelalamika kwamba kumbikumbi wa Mwanza wanauzwa kwa kikombe na wana mchanga. Hakumtaja.

Jumapili ya pili ya Februari kijana alinipigia mapema, kabla ya Bibi. Akasema, dada, sijamwona, ila mavi zizini yamevurugwa.

Bibi alipopiga nikamwambia. Akanyamaza kidogo. "Yamepinduliwa au yamechakurwa?" akauliza. "Kuku anachakura, anatawanya. Mwambie aangalie vizuri."

Nikachukua simu ya mwenzangu wa chumbani nikampigia kijana, nikiwa na Bibi kwenye sikio jingine. Akasema subiri. Tukasikia viatu vyake kwenye matope, na ng'ombe mmoja.

"Yamepinduliwa," akasema. "Kama chapati."

"Upande mmoja au zizi lote?" Bibi akauliza, nami nikaipitisha.

"Zizi lote, dada. Mpaka nje kule kwenye mkwaju. Na vishimo, vingi tu, vidogo vidogo."

Nikamwambia Bibi: zizi lote.

"Asubuhi moja?"

"Jana jioni hayakuwapo, anasema."

Nikasikia mtoto wa mjomba analia nyuma yake, na mtu anafungua bomba. Bibi alikuwa anahesabu, namjua. Nguchiro mmoja, asubuhi moja, marundo mangapi.

"Mwambie asipeleke mbwa huko," akasema.